Mwanangu, Mfundishe Mwenzako Kazi Yako

Mwanangu, umepata kazi kwenye kampuni ya programu inayokua, nami nimefurahi sana. Keti kidogo. Najua una haraka, na matatu ya Jogoo Road haimngoji mtu. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipoanza. Kampuni ikikua, kazi unayoipenda leo itapewa mtu mwingine kesho, na wewe ndiye utakayeikabidhi. Ukijua kukabidhi vizuri, utakua pamoja nayo. Usipojua, utaumia, na utawaumiza wengine.

Mimi niliingilia mlango wa stoo. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, karibu na Lunga Lunga Road. Alfajiri tulivuka reli kwa miguu kutoka Makongeni. Tulipofika, vibarua walikuwa wameshajipanga getini wakingoja kuchaguliwa, na akina mama wanamimina chai kando ya ukuta. Baadaye vijana wachache waliokuwa wakitengeneza programu ya kuhesabu mali za stoo walinichukua. Wao walijua kompyuta, mimi nilijua stoo. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya godauni. Aliyeandika programu ndiye aliyepokea simu, ndiye aliyekwenda kudai malipo, ndiye aliyefagia.

Intaneti ya wakati huo ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya polepole. Programu ikibadilika, tuliitia kwenye diski na kuipeleka kwa mteja kwa miguu, kiwanda kwa kiwanda, kutoka Enterprise Road hadi Likoni Road. Ilitubidi tukutane na watu. Nakumbuka mzee mmoja wa stoo, kalamu sikioni, akishusha mzigo wa mifuko. Programu yetu ilitaka lori lote lihesabiwe ndipo mzigo upokelewe. Lakini mvua ilikuwa imeanza, wapakuaji wamekimbilia kibandani, na nusu ya mzigo ilikuwa bado garini. Mzee hakugombana nasi. Alirarua kipande cha katoni, akaandika hesabu yake, akakichomeka juu ya msumari ukutani. Kile kipande cha katoni kilitufundisha kuliko mikutano yetu yote. Tulirudi ofisini tukaandika upya sehemu ile, ili mzigo uweze kupokelewa nusu nusu.

Anza hapo, mwanangu. Kabla ya kuitengeneza kazi ya mtu, kaa naye akiifanya. Hata M-Pesa ilitoka katika kutazama. Ilipojaribiwa mwaka 2005 kwa wateja wa Faulu, kampuni ya mikopo midogo, wa hapa Nairobi na Thika, lengo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiitengeneza waliona hilo, wakalifuata, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kuwa ya kutuma pesa.

Sasa nikueleze kukua kwenyewe kulivyokuja. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa nafuu na ya haraka. Hatukuhitaji tena kubeba diski. Mteja wa Kisumu au Kampala tukawa tunamhudumia kama wa jirani. Simu zikaongezeka, na chumba kimoja kikawa sakafu nzima. Tukaajiri wa kupokea simu, wa kujaribu programu kabla haijatoka, wa kutunza seva, kisha mameneja. Siku moja niliingia ofisini nikakuta watu ambao sikujua majina yao, na wao hawakujua kwamba mimi nilikuwapo tangu chumba cha juu ya godauni.

Moyo uliniuma. Nakwambia hivi kwa sababu na wewe utakuuma, na hutaelewa kwa nini, maana mshahara utakuwa umepanda na kila mtu atakuwa anapiga makofi. Utaona mgeni anaifungua kazi uliyoijenga usiku, anaibadilisha, na pengine anaiharibu kidogo kabla ya kuitengeneza. Utatamani kumnyang'anya. Ukimnyang'anya, utakuwa umemfundisha asijaribu tena.

Mimi nilinyang'anya. Kulikuwa na kazi ya kufunga hesabu za mwezi za wateja wetu wakubwa, nayo nilikuwa naijua peke yangu. Nilijua ni mteja gani hesabu zake hufungwa tarehe ishirini na tano, ni nani ana maghala mawili yanayosomeka kama moja, ni faili gani ikiguswa mapema inaharibu zote. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Kijana mmoja aliyekuwa mgeni kwetu aliniomba mara nyingi nimfundishe. Nilimjibu, "Baadaye, mwanangu, sasa nina haraka." Nilikuwa na haraka kweli. Lakini pia nilipenda kuitwa. Nilipenda meneja akisimama mlangoni na kuuliza kama nimefika.

Kisha shangazi yangu akafariki, nikaenda nyumbani Magharibi kwa mazishi. Mwisho wa mwezi ukanikuta huko. Hesabu hazikufungwa. Viwandani magari yalisimama getini kwa sababu karatasi za kutoa mzigo hazikuchapika. Yule kijana alikuwa peke yake kwenye simu tangu asubuhi, akitukanwa na watu wazima kwa jambo ambalo nilikuwa nimemnyima kulijua. Mimi nilikuwa kwenye kilima nyuma ya boma, nikitafuta mtandao, nikimsomea hatua kwa hatua, huku waombolezaji wakiniita. Sikumlilia shangazi yangu ipasavyo, wala sikumsaidia kijana ipasavyo. Niliporudi hakunilaumu. Miezi michache baadaye akahama kampuni.

Kule matangani nilikuwa nimeona akina mama wakipika ugali wa watu mia. Ule wa nyumbani mtu mmoja anausonga mwenyewe. Ule wa matanga una wa kuleta kuni, wa kumimina unga, wa kushika sufuria na wa kusonga, na anayechoka anampisha mwenzake bila kuona aibu. Kampuni inayokua hufikia kiasi hicho. Ukiendelea kusonga peke yako, utaungua wewe na watu watalala njaa.

Kwa hiyo, mwanangu, andika unachojua. Usingoje upate nafasi, maana haipatikani. Ukimaliza kutengeneza hitilafu, andika ilitokeaje, uliitambuaje na uliiondoaje, kwa maneno ambayo mgeni wa wiki ya kwanza ataelewa. Mpe mwenzako akague kazi yako kabla haijamfikia mteja, na akikosoa usikunje uso. Usitoe mabadiliko makubwa Ijumaa jioni. Stoo nyingi za Industrial Area hufanya kazi Jumamosi, na ukiharibu Ijumaa, karani ndiye atakayebaki na lori mlangoni.

Kufundisha kunataka subira kuliko kuandika programu. Kompyuta ukiiambia mara moja imesikia. Mtu utamwambia, atakosea, utamwambia tena. Kaa karibu naye, lakini mikono yako iwe mbali na kibodi yake. Mwache abonyeze mwenyewe. Na msikilize pia, kwa sababu mgeni huona tusiyoyaona sisi tuliozoea. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule anayeuliza kwa nini mnafanya hatua hii mara mbili huenda ndiye atakayewapunguzia kazi mwaka mzima.

Wala usidhani kukabidhi ni kushindwa. Mtazame Ory Okolloh. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, yeye na wenzake akina Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman walianzisha Ushahidi, ili mwananchi aweze kutuma habari za ghasia kwa simu zikaonekana kwenye ramani. Programu ile ikakua, ikatumika hadi Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Mwishoni mwa mwaka huo Ory alitangaza kwamba anaondoka kwenda Google. Ushahidi haikufa. Juliana Rotich akashika uongozi, na kazi ikaendelea. Kujenga kitu kinachoweza kuendelea bila wewe ni heshima kubwa, mwanangu.

Kuna sababu nyingine ya kukusihi hivi. Kukua si sawa na kuwa imara. Kampuni nyingi kama hiyo yako hukua kwa pesa za wawekezaji kabla hazijapata faida, na pesa hizo zikikauka mambo hubadilika upesi. Mwaka 2023 Sendy, iliyowaunganisha wenye mizigo na wenye magari, ilifunga shughuli zake, na Twiga Foods, ya kusambaza vyakula, ikapunguza wafanyakazi. Mei 2024 Copia, iliyouza bidhaa kupitia mawakala, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Ndani ya kampuni hizo walikuwamo vijana hodari waliofanya kazi usiku na mchana. Bidii yao haikuwa bure, lakini haikutosha kuyazuia hayo.

Basi jua haki yako ungali na amani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Inakupa angalau siku ishirini na moja za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ukiachishwa kwa sababu nafasi yako haihitajiki tena, unastahili notisi ya mwezi mmoja kwa uchache, na malipo yasiyopungua ya siku kumi na tano kwa kila mwaka uliomaliza. Wakikuahidi hisa, omba karatasi. Mara nyingi hisa hizo hukomaa kwa miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha huondoki na kitu. Kuuliza si utovu wa adabu. Uliza kwa upole, na usitie sahihi mpaka umeelewa.

Na chukua likizo yako. Aliyewafundisha wenzake huenda likizo akalala usingizi. Huhudhuria harusi ya ndugu yake simu ikiwa mfukoni imenyamaza. Siku kampuni ikiyumba, watu aliowafundisha watakuwa wametawanyika katika kampuni nyingine za mji huu, nao hawatamsahau. Yule kijana niliyemnyima aliwahi kunipigia miaka mingi baadaye, kuniulizia habari za jamaa mmoja aliyeomba kazi kwake. Nilimwomba msamaha. Akaniambia alishasamehe zamani, na kwamba kwake hakuna mgeni anayeambiwa "baadaye". Alikuwa amejifunza kutokana na kosa langu, na nilimshukuru kwa hilo.

Najua wewe ni mwepesi, na wepesi wako ni baraka. Utumie vizuri. Jumatatu utakapoingia kazini hutakuwa na mengi ya kumfundisha mtu, kwa hiyo anza kwa kuuliza, na andika kila unachojibiwa. Miezi michache ikipita, chagua jambo moja ambalo wewe peke yako unalijua pale ofisini. Mtafute aliyeajiriwa baada yenu nyote, kaa naye saa nzima, umwonyeshe. Wiki inayofuata mwachie alifanye, hata kama utaona anachelewa. Kisha chagua jambo jingine.

Haya, nenda, matatu isikuache. Ukifika, nipigie.