Je, Mkristo Atunze Hekalu la Wahindu?

Tunamwungama Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa hiyo swali hili si jepesi kwetu: je, inafaa Mkristo aunge mkono kutunzwa kwa hekalu la Wahindu, ambamo jina la Yesu haliitwi?

Tutazame Zanzibar. Katika mtaa wa Hurumzi, Mji Mkongwe, lipo hekalu la Wahindu. Jumuiya ya Wahindu wa mji huo ilitokana na wafanyabiashara wa India, hasa Kutch na Gujarat. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka, wakabaki wachache. Mwaka 2000 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini orodha haizibi paa, na kuta za mawe na chokaa huharibika maji yakipenya.

Wapo wanaosema: liache lianguke, mbona Gideoni alibomoa madhabahu ya Baali? Tusome vizuri Waamuzi 6. Madhabahu ile ilikuwa ya baba yake mwenyewe, ndani ya taifa la agano. Gideoni alisafisha kwao, hakwenda kubomoa kwa jirani. Naye Paulo alipokuwa Efeso alihubiri wazi kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu. Hata hivyo, karani wa mji alishuhudia mbele ya umati kwamba wenzake Paulo hawakuiba hekaluni wala kumtukana mungu wao (Matendo 19:37).

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anafundisha kwamba amri ya saba haiishii kutoiba. Inatutaka tumsaidie jirani kutunza mali yake. Hakuweka sharti kwamba jirani huyo awe Mkristo.

Tena tunadaiwa. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, liliwekwa siku ya Krismasi 1873, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji. Nasi mpaka leo tunacheka tukisema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Tunachukua kiatu, tunamdharau mwenye kiatu. Hiyo si tabia ya Kristo.

Mpaka upo, wala tusiufute. Kutunza paa si kuabudu chini yake. Fundi Mkristo anaweza kuziba ufa wa ukuta na kupokea ujira wake. Kuleta sadaka mbele ya sanamu hawezi. Wala hatuachi kumshuhudia Kristo kwa Mhindu, kama kwa mtu mwingine yeyote.

Sisi wa Tunduma tunapaswa kulielewa jambo hili. Nakonde, Zambia, ni hatua chache tu. Watu wetu huvuka, hufanya biashara, huhamia mbali zaidi, na popote waendapo hutafuta mahali pa kusali. Wakijenga kanisa ugenini, kisha wakalazimika kuondoka, tungependa wenyeji walitendee nini? Mathayo 7:12 inatudai tuwatendee wengine hivyohivyo.

Basi, wapendwa, tukisikia mtu akifurahia kuanguka kwa nyumba ya ibada ya wengine, tumkanye kwa upole. Na watoto wetu wa kipaimara wafundishwe mambo mawili pamoja: kumkiri Kristo bila woga, na kutogusa kwa ubaya kilicho cha jirani.