Mkorogo na Tezi za Juu ya Figo

Mwanamke huyu ni wa hadithi, ila yaliyomkuta yamo katika vitabu vya tiba. Alitoka Mombasa, akaishi kusini mwa London, na krimu yake ya kung'arisha ngozi, yaani mkorogo, aliinunua kwenye duka la vipodozi huko Peckham, ikitolewa chini ya kaunta. Ngozi ikatakata upesi. Hakuambiwa kwamba ndani mna klobetasoli, miongoni mwa steroidi kali kabisa za kupaka, ambayo Uingereza haiuzwi bila cheti cha daktari. Akajipaka mwili mzima, asubuhi na usiku, kwa miaka.

Dawa hiyo haikomei kwenye ngozi. Hupenya hadi damuni, na ubongo huidhani kuwa kotisoli, homoni itokayo kwenye adrenali, zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Tezi hizi hungoja amri. Pituitari, chini ya ubongo, humwaga ACTH, peptidi yenye asidi amino 39, na peptidi hiyo ina kazi mbili. Huamuru kotisoli itolewe, na huilea tezi yenyewe isisinyae. Hiyo ya pili husahaulika, nayo ndiyo yenye kuua ikikosekana. Kotisoli ikionekana kujaa, pituitari hunyamaza. Pituitari ikinyamaza muda mrefu, adrenali hunywea. Tabaka la nje tu ndilo husalimika kwa kiasi, kwa kuwa hilo hutii zaidi peptidi nyingine, angiotensini II, katika kulinda chumvi ya mwili.

Hapo hapo kusini mwa London, katika hospitali ya Guy's, Thomas Addison alieleza mwaka 1855 wagonjwa waliodhoofu hadi kufa kwa ugonjwa wa tezi hizi, ngozi zao zikizidi weusi. Adrenali zenyewe zikiharibika, ACTH hufurika, na kufurika huko huamsha pia seli za rangi. Kwa mama yetu ilikuwa kinyume: ACTH ilikauka, kwa hiyo hata alama ile ya weusi haikuwapo ya kumshtua mtu.

Kisha maofisa wakalipekua duka, krimu ikaadimika. Akaacha ghafla. Baada ya siku chache akashikwa na homa ya mapafu, wakati ambao mwili wenye afya huongeza kotisoli maradufu. Wake haukuwa na cha kuongeza. Akatapika, shinikizo la damu likaporomoka, akaanza kupotewa na fahamu, binti yake akamkimbiza hospitali.

“Anatumia dawa gani?” daktari aliuliza.

“Mama, kuna dawa unatumia?”

“Hakuna, mwanangu.”

Hakudanganya. Krimu hakuihesabu kuwa dawa. Binti ndiye aliyekumbuka mrija uliokuwa bafuni, akautaja, na haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, ikaingizwa mshipani upesi.

Anayejipaka vitu hivi, tafadhali, asivitupe leo usiku akidhani amejiokoa. Aende kwa daktari na mrija mkononi, aseme amepaka wapi na kwa muda gani, bila haya. Kuacha ni lazima, lakini kwa mpango. Mama huyu alipewa vidonge vya haidrokotisoni, vikapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi huku damu ikipimwa asubuhi kuona kama adrenali zimeamka. Akapewa na kadi ya dharura ya steroidi, ile iliyoanza kutolewa Uingereza mwaka 2020, aionyeshe kila anapolazwa au kufanyiwa upasuaji, na akaelekezwa kuongeza dozi siku atakayopata homa.