Undugu wa Askari Unaishia Wapi?

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma, yuko mamia ya kilomita kutoka baharini, lakini swali linalorudi katika filamu za Kisovieti za wanamaji linamhusu pia: amri ikigongana na urafiki, kipi kitangulie?

Sergei Eisenstein alilishika swali hilo mwaka 1925 katika filamu yake ya manowari Potemkin. Daktari wa meli anaikunja miwani yake ya kubana puani, anaifanya kioo cha kukuzia, anaikagua nyama inayotambaa funza na kutamka kwamba ni safi. Mabaharia waliokataa mchuzi wa nyama hiyo wanafunikwa turubai, na walinzi wanaamriwa kuwapiga risasi. Baharia Vakulinchuk anapaza sauti: ndugu, mnampiga nani? Bunduki zinashuka. Baadaye maofisa wanatupwa majini, na miwani ile inabaki ikining'inia kwenye kamba.

Tukio hilo ni zito kwa sababu ni kweli kwamba amri ya kumuua mwenzako bila haki haistahili kutiiwa. Lakini undugu wa meli ile una mpaka. Unamwokoa aliye wetu, asiye wetu unamwachia bahari.

Uwanda wa kati wa Tanganyika uliwahi kupata mtihani kama huo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Kesho yake uasi ulifika Tabora. Huko askari walimtaka Mrisho Sarakikya, ofisa Mtanganyika aliyesomea Sandhurst, awe mkuu wao. Alikubali, akautumia ukuu huo kutuliza kambi na kuwaondoa Waingereza wakiwa salama.

Wapo watakaosema alitimiza wajibu tu. Wajibu upi, wakati amri zilikuwa hazisikilizwi tena? Cheo chake cha jana hakikuwa na nguvu. Alichobaki nacho ni imani ya wenzake. Angeweza kuitumia kulipiza kisasi, na huenda wengi wangemshangilia. Aliitumia kuwalinda watu ambao wenzake hao hao walikuwa wamewachoka. Hapo urafiki ulibeba wajibu uliokuwa umeangushwa na sheria za jeshi, na ndiyo sababu mfano wa Tabora unaupita ule wa Potemkin.

Jeshi la zamani lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaanzishwa, na Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza hadi mwaka 1974.