Kutunza kwa Kutomwagilia: Fikira Juu ya Mshubiri

Katika chumba cha walimu cha shule moja ya hapa kwetu Uganda, ambako baadhi yetu tulifundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa, palikuwapo mshubiri mmoja uliopandwa katika kopo la rangi na kuwekwa dirishani. Ulikuwa mmea wa kawaida tu, ule ambao Waganda huuita ekigagi na Wanyarwanda igikakarubamba, wenye majani manene yenye vijimiba kingoni, yaliyojipanga mduara kuuzunguka moyo wa mmea mfano wa ua la waridi lililofunguka. Uliletwa mwanzo wa muhula wa kwanza. Kabla ya muhula wa pili kwisha ulikuwa umekufa kwa kunyweshwa.

Kila aliyepita karibu na dirisha akiwa na maji yaliyosalia katika gilasi aliyamimina pale, naye akaenda darasani moyo wake ukiwa mweupe. Kopo halikuwa na tundu chini. Majani yalipoanza kulegea na kupoteza rangi, sote tulikubaliana kwamba mmea una kiu, tukazidisha maji. Mama aliyekuwa akitupikia chai ndiye aliyetuuliza siku moja, huku akikusanya vikombe, “Walimu wangu, kwani kila mmoja wenu anaunywesha?” Tulicheka. Wiki iliyofuata majani ya chini yalinyofoka yenyewe, yakiwa rojorojo na yenye harufu, na mizizi tuliikuta imeoza yote.

Yafaa tulieleze jambo hilo kidogo, kwa kuwa fikira zetu zote zimetoka humo. Mmea wa namna hii huhifadhi maji ndani ya majani yake. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa ya ukaa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Mshubiri huvifunga vitundu hivyo mchana na kuvifungua usiku, hewa ikiwa baridi. Hewa ya ukaa iliyoingia usiku huwekwa katika hali ya asidi, na kunapokucha mmea huitumia kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, milango yake ikiwa imefungwa. Mizizi yake nayo hupenda udongo unaopitisha maji upesi, uliochanganywa na mchanga mnene au kokoto ndogo. Ikikaa ndani ya matope hukosa hewa, huoza, na mizizi iliyooza haiwezi tena kunywa. Hapo ndipo penye mtego. Mmea uliozama majini hulegea kama ule wenye kiu, maana kwa hakika majani yake yamekosa maji, ilhali mizizi imezungukwa nayo. Mwenye huruma akiuona hali hiyo huongeza kile kile kinachouua.

Basi swali letu ni hili: je, kuacha kutenda kwaweza kuwa tendo jema? Wengi wetu tumelelewa kuuona wema katika mkono unaotoa, na mkono uliotulia twauhesabu kuwa wa mvivu au wa bahili. Tuwachukue watu wawili. Wa kwanza hakuumwagilia mshubiri wake kwa wiki tatu kwa sababu alisafiri akausahau. Wa pili hakuumwagilia wiki hizo hizo tatu kwa sababu kila baada ya siku chache alitia kidole udongoni hadi pingili ya pili akaukuta bado una unyevu. Mimea yote miwili imestawi. Mmea wenyewe hauna njia ya kuwatofautisha watu hawa. Je, sisi tunayo?

Wako watakaosema kwamba hakuna tofauti, maadamu matokeo ni mamoja. Sisi hatukubali, lakini hatutaki kukataa kwa sababu nyepesi ya kusema kwamba wa pili ana moyo mzuri. Moyo mzuri hata sisi tulikuwa nao, na mmea wetu ulikufa. Yule msahaulifu, pasipo moyo wowote, aliutendea mmea wake vyema kuliko sisi. Tofauti yao itaonekana wiki ya nne, ukame utakapofika kweli na majani kuanza kukonda na kujikunja kuelekea ndani. Mwenye kidole atajua. Msahaulifu hatajua mpaka akumbuke, na huenda asikumbuke. Kwa hiyo wema wa kutotenda haumo katika kutotenda kwenyewe, bali katika kule kuwapo karibu na kupima, na katika utayari wa kutenda saa ikifika. Aristotle, alipozungumzia kiasi katika mambo, alitoa mfano wa chakula: kiasi kinachomtosha Milo, mpiga mieleka mashuhuri, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kiasi chafaa kitafutwe kwa anayepewa. Sisi tulikitafuta katika gilasi zetu.

Lugha yetu ina ushahidi wake katika shauri hili, na sisi walimu hatuna budi kuupenda. Katika Kiarabu mzizi mmoja wa herufi tatu, sadi, ba na ra, umezaa neno la kustahimili na pia jina la mmea huu mchungu. Kiswahili kimeyapokea yote mawili: tunayo subira, tunacho kitenzi subiri, na tunayo shubiri, ambayo wengine huitamka subiri au subili, yaani utomvu wa mshubiri, kisha mti wenyewe tukauita mshubiri. (Wanafunzi wasiichanganye na shibiri, ambayo ni kipimo cha kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetanuliwa.) Wanazuoni wa Kiislamu wameigawa subira mafungu matatu: subira katika kutii, subira katika kujizuia na maasi, na subira katika misiba. Watu wengi tukisikia subira twalifikiria lile fungu la tatu tu, la mtu aliyekaa chini akilia kimya. Lile la pili, la kuuzuia mkono unaotaka kwenda, ndilo lililotupungukia pale dirishani.

Ipo pia desturi ya zamani, ambayo baadhi ya wasomaji wameiona nyumbani kwao, ya mama kujipaka shubiri kwenye titi ili kumwachisha mtoto ziwa. Hatuitaji ili iigwe, kwa maana utomvu ule wa manjano ulio chini ya ganda la jani huharisha sana, tofauti na ute mweupe wa ndani ambao watu hujipaka ngozini. Twaitaji kwa sababu ya yule mama. Anamnyima mtoto kitu kitamu kuliko vyote anavyovijua, tena kwa uchungu wa makusudi, lakini hakuondoka. Usiku kucha amembeba mgongoni mtoto anayelia, na uji uko tayari mekoni. Mtu akimnyima mtoto ziwa kisha akaenda zake, jina la tendo hilo ni jingine kabisa.

Hapa twaona hatari ya fikira zetu wenyewe, wala haifai tuifiche. Mwenye nguvu akishajifunza kwamba kutotenda kwaweza kuwa wema, ataisifu subira kwa wale anaowawia haki. Sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda twaijua sifa hiyo. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria. Ilikuwa mwaka 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipoazimia kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Miaka 17 ilipita katikati, na wengi wetu tuliambiwa tusubiri. Huenda kulikuwa na sababu: walimu wachache, vitabu vichache, na kumbukumbu za wananchi waliokisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza katika kinywa cha askari. Kuungoja udongo ulainike si kosa. Lakini katika miaka hiyo yote ni nani aliyekuwa akitia kidole udongoni? Palipokuwa na anayepima, tuiite subira. Pasipokuwa naye tuliachwa tu, na kuachwa si kutunzwa.

Twarudi shuleni, kwa jambo ambalo tulichelewa kuliona kuliko lile la mshubiri. Mwaka ule ule alikuwapo binti mmoja wa kidato cha pili aliyekuja na Kiswahili chake cha nyumbani, cha mpakani na cha sokoni, chepesi na chenye furaha. Alisema “kitabu yangu” na “watoto ingine”, na hakuna mwalimu wa Kiswahili aliyemwacha apite pasipo kumnyosha: darasani, ukumbini, hata kwenye foleni ya chakula. Kila mmoja wetu alimrekebisha mara moja tu kwa siku, na tulikuwa wanne. Kufikia muhula wa pili alikuwa amenyamaza. Tulidhani amepungukiwa na maneno, tukamwongezea mazoezi ya ngeli.

Mwenzetu mmoja, baada ya kulitupa lile kopo, ndiye aliyemwita chini ya mwembe na kumwuliza kulikoni. Akajibu, “Mwalimu, nikifungua mdomo naona kama nimeshakosea kabla sijasema.”

Tulibishana sana baada ya hapo. Mmoja wetu alishikilia kwamba mtihani wa taifa hauna subira, na kwamba mwalimu anayeliacha kosa leo anamwachia msahihishaji kazi ya kulikata kesho kutwa, naye binti ndiye atakayelipa. Neno lake lilikuwa la haki na hatukupata la kulivunja. Tulikubaliana jambo dogo tu: kwamba mmoja ndiye atakayemsahihisha, si wanne, na kwamba mmoja huyo kwanza atamsikiliza hadi mwisho wa habari yake.

Mshubiri mwingine uliletwa, safari hii katika chungu cha udongo chenye tundu, na jina la mwenye zamu ya kuutazama likabandikwa ukutani. Sasa umezaa vichipukizi vitatu pembeni mwake. Yule binti naye, mwishoni mwa muhula wa tatu, alisimama mbele ya darasa akasimulia jinsi mbuzi wa babu yake alivyokula daftari lake. Darasa lilicheka mahali palipostahili kuchekwa. Alikosea mara mbili. Kosa la kwanza mwalimu wake alimwonyesha siku iliyofuata, wakiwa wawili. La pili hakulitaja, na tulipomwuliza iwapo aliliacha kwa subira au kwa woga wa kumpoteza tena, alisema bado analifikiri.