Kuketi Kwanza

Ripoti za tathmini ya athari za mazingira hufanana. Ukifungua ya mradi wa nyumba utakuta ramani, orodha ya miti na ndege, vipimo vya udongo na maji, majedwali ya kelele na vumbi, kisha mpango wa kupunguza kila dhara lililotajwa. Mahali fulani katikati pana sehemu ya njia mbadala. Kanuni za Kenya za mwaka 2003 zinadai njia hizo zichambuliwe, na wataalamu wana desturi ya kuweka miongoni mwake ile ya kutojenga chochote. Hapo ndipo ninapopenda kukaa.

Aya hiyo huwa fupi. Husema kwamba mradi usipofanyika ardhi itabaki ilivyo, ajira hazitapatikana, uhaba wa nyumba utaendelea, kwa hiyo njia hii haifai. Mistari minne, pengine mitano, na ripoti inatoka mbio kama mtu apitaye makaburini usiku.

Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye lazima aketi kwanza ahesabu gharama. Mahubiri mengi niliyoyasikia hukimbilia gharama. Mimi hubaki kwenye kule kuketi. Mtu huyu hajaleta mchanga wala hajaita fundi. Mnara uko kichwani tu, na bado inawezekana asiujenge kabisa. Saa hiyo ni ya thamani, nayo huisha upesi.

Naifikiria kaunti ya Kiambu ninapoandika haya. Udongo wake ni mwekundu, wenye kina, unaokunywa maji yasituame, na kwa sababu hiyo ulipendwa na kahawa. Ruiru ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichotoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, yenye kustahimili chule buni na kutu ya majani. Miaka minne baadaye mfumo wa kimataifa wa kugawa soko la kahawa ukavunjika, bei zikaanguka, na zao lililokuwa limefikia takriban tani 130,000 kwa mwaka nchini likashuka hadi chini ya nusu ya hapo. Mibuni iliyobaki ikawa ya kungoja mnunuzi wa ardhi. Leo mji mpya wa Tatu City peke yake ni eka 5,000 zilizokuwa za kahawa. (Anayeshuka matatu mtaa wa Kahawa Sukari asitafute kahawa.)

Tathmini huanza kwa kueleza hali ya sasa ya mahali, na athari zote hupimwa kutoka hapo. Lakini “sasa” ni ya lini? Kabla ya ukuta wa mtaa mpya kulikuwa na mibuni. Mibuni ilipandwa na walowezi juu ya ardhi ambayo koo za Wakikuyu zilikuwa zikiilima. Na kabla ya jembe la kwanza palikuwa na msitu. Hata mapadre wamo katika hesabu hii, maana Wamisionari wa Roho Mtakatifu ndio waliopanda kahawa ya kwanza Bura, kule Taita, mwaka 1893. Kwa hiyo wanaolia kwamba mibuni inang'olewa, nami huwa miongoni mwao, wanalilia kitu kilichochukua nafasi ya kingine.

Udongo wenyewe haujasahau. Kwa miongo mingi mibuni ilipulizwa dawa ya shaba ili kuzuia kutu na chule buni, majani yakabaki na madoadoa ya buluu. Mvua iliyaosha, lakini shaba haiozi wala haiendi mbali. Hung'ang'ania udongo wa juu, na ikizidi, minyoo huukimbia. Mtaalamu mwangalifu huchota udongo huo, akautia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, akaupeleka maabara. Namtazama akipiga magoti kufanya hivyo na kusema kweli naona kitu karibu na maungamo: mtu anaiuliza ardhi ilifanyiwa nini. Atakayehamia hapo atapanda sukuma wiki nyuma ya jikoni, na ni haki yake kujua.

Maji nayo yana habari ndefu zaidi. Shamba la kahawa huipokea mvua, ikazama, ikatokea taratibu mtoni. Paa na lami huitupa yote kwa mara moja. Ripoti hujibu kwa mifereji, matangi ya kuvunia maji na mtambo wa kusafisha maji taka, na majibu hayo si ya kudharauliwa. Ila ripoti huchora pia duara kuzunguka mradi, kilomita chache, na kuliita eneo la athari. Mito ya Ruiru na Ndarugu hailijui duara hilo. Inaingia Athi, Athi inavuka nyika ikaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake kaskazini kidogo ya Malindi. Msimu wa mvua bahari ya pale hugeuka rangi ya udongo. Mvuvi anayetandika nyavu kwenye maji hayo mekundu anapokea kilichobanduka katika mashamba ya bara, asijue ni ya nani. Mwanasheria wa Injili alipouliza jirani yake ni nani, aliulizia duara la namna hii, na hakuchorewa.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si', na katika aya ya 183 akaizungumzia tathmini ya athari za mazingira, jambo nisilolitarajia kwa papa. Hoja yake ni ya wakati: tathmini isije baada ya mradi kuchorwa, bali iwepo tangu mwanzo, huru, bila shinikizo. Nilipoisoma nilifikiria sala zangu. Mtu ameshatoa rubuni, ameshaahidi ndugu zake, ndipo anapiga magoti kuomba mwongozo. Sala hiyo si ya uongo, inaweza hata kuwa na machozi, lakini Mungu ameachiwa kazi ya kugonga muhuri tu.

Hata hivyo kutojenga nako si utakatifu. Kiambu ilikuwa na watu milioni 1.6 mwaka 2009 na milioni 2.4 mwaka 2019, na watu hao wanalala mahali. Shamba likikosa mradi mkubwa, huenda lisibaki shamba. Litakatwa ploti za futi hamsini kwa mia, kila moja na choo chake cha shimo, na hakuna atakayeandika hata ukurasa. Ningependa aya ile fupi iyaseme haya pia, iseme nani atapoteza nini tukiacha, na nani tukijenga, kisha ikae nayo kidogo. Ikiishia kuruhusu ujenzi baada ya hapo, sina ugomvi nayo.

Kuna kitu majedwali hukishika kwa shida. Mwanamazingira Wangari Maathai alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo mmoja karibu na kwao Ihithe, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Kando yake palikuwa na kijito. Mugumo ukaja kukatwa, kijito kikakauka, naye akaelewa baadaye kwamba mizizi ya mti ule ilikuwa ikipasua mwamba na kuyapandisha maji ya chini. Orodha ya miti ingeuandika kwa jina la kisayansi na unene wa shina. Mama yake alikuwa na taarifa kamili zaidi.

Isaya, katika sura ya 5, anawaonya wanaounga nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka nafasi inakwisha. Adhabu anayoitaja ni ya ajabu: watabaki kuishi peke yao.

Kanuni zinataka iwepo walau mikutano mitatu na wakazi. Katika mmoja niliohudhuria, uwanjani mwa shule, vijana waliuliza juu ya kazi, wazazi juu ya barabara, kila mtu juu ya maji taka. Bibi mmoja mwenye kitambaa cha kichwa na fimbo aliuliza kuhusu mugumo uliokuwa katikati ya shamba.

“Shosho, mti huo hautaguswa,” mtaalamu akamjibu kwa heshima. “Tumeuweka kwenye ramani, utakuwa bustani ya wakazi.”

“Nimesikia, mwanangu. Lakini mmesema kutakuwa na ukuta na geti. Mimi nauliza kama yule askari ataniruhusu niingie.”

Watu walicheka, yeye hakucheka, na mwenyekiti akampa nafasi mwingine. Swali lake limo katika kiambatisho cha ripoti, kwenye jedwali la maoni ya wananchi. Safu ya majibu inasema mti utahifadhiwa.