Kuchagua Nako ni Kusema

Wapo wanaodai kuwa kijana anayekusanya picha na kuziweka mtandaoni hapiganii lolote. Picha hakupiga yeye, maneno hakuandika yeye, kazi yake kubonyeza tu. Mimi sikubaliani nao.

Hebu mtazame mwanamke wa Kiunguja anaponunua kanga Darajani. Lile jina lililochapwa juu yake hakulitunga yeye. Lakini akishaichagua, akajitanda, akapita mlangoni kwa jirani aliyegombana naye, kijembe kimefika. Amesema kwa kuchagua.

Je, sisi tunachagua nini? Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo. Simu zikajaa picha za zamani: nguzo, roshani, mnara wa saa. Watu walikuwa na haki ya kulia, kwani Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Lakini kifusi kile kilifukia watu, na wawili wakafariki. Aliyesambaza picha mia za nguzo, na asiwakumbuke wale wawili japo kwa mstari mmoja, amesema nini? Amesema jawe lina thamani kuliko roho ya mtu. Pengine hakukusudia, lakini ndivyo inavyosomeka.

Mwenye kanga ana pa kukimbilia. Akiulizwa, atajibu: "Ah, mie nimependa rangi tu." Na sisi tunapo petu: "Nimesambaza tu." Hofu naielewa. Tanzania iliweka kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, na ni rahisi kujificha nyuma ya picha ya mtu mwengine.

Kwangu mimi, harakati zinaanza pale unapokataa kujificha huko. Ukiweka picha, andika ni wapi, mwaka gani, nani ameipiga, nani yumo na nani ameachwa nje. Na mtu akikuuliza kwa nini umeichagua hii ukaiacha ile, mjibu kwa jina lako. Vijana wenzangu, tunaotaka kuwa waandishi tutalazimika kulijibu suali hilo kila siku. Basi tujizoeze kuanzia kwenye simu zetu.