Majina ya Lari

Mtu akiuawa na jirani yake, je, wajukuu wana haki ya kujua jina la jirani huyo? Swali hili ni rahisi kulijibu darasani. Kule Lari, kaunti ya Kiambu, si rahisi hata kidogo.

Makumbusho ya Amani ya Lari yako Kimende, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru. Ni ya wanajamii wenyewe, na wanaoyatunza hujitolea tu. Siku niliyokwenda kulikuwa na ukungu, ikabidi mzee mmoja apigiwe simu alete ufunguo. Alitoka shambani kwa viazi, gambuti zake zimejaa matope.

Usiku wa 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia maboma ya Luka Kahangara, aliyewahi kuwa chifu, na ya watu walioegemea serikali. Nyumba zilichomwa watu wakiwa ndani. Zaidi ya 70 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Kabla hata moto haujazimika, homugadi na askari wa serikali wakaanza kulipiza kisasi, wakaua watu wengi ambao hawakuwa wameshika panga. Chanzo, kama mambo mengi ya Kiambu, kilikuwa shamba: watu walikuwa wamehamishwa kutoka Tigoni kupisha walowezi, Luka akakubali mpango huo na kupata ardhi Lari, wengine wakabaki na uchungu.

Nilimuuliza mzee ni familia zipi zilizohusika, za upande huu na za ule.

"Kijana wangu, wewe jioni utapanda matatu," alisema. "Mimi nitapita mbele ya mageti yao."

Sikuridhika, na bado sijaridhika kabisa. Kunyamaza humfaa aliyetenda kuliko aliyetendewa, na aliyefiwa na nyanya yake katika moto ule hajamtuma mtu yeyote akasamehe kwa niaba yake. (Neno "amani" limetumika Kenya mara nyingi mno kuwafunga mdomo waliodhulumiwa, hasa baada ya uchaguzi.)

Lakini kuna tofauti kati ya kuficha jina na kuficha tendo. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoficha tendo. Mauaji ya kwanza ilipiga picha na kuyatangaza duniani. Ya pili haikujisumbua hata kuyahesabu vizuri. Washtakiwa wa mauaji ya kwanza walifikishwa mahakamani na makumi yao wakanyongwa, kwa hiyo majina yao yamo katika faili. Waliolipiza kisasi hawakusimamishwa kizimbani kwa namna hiyo. Kwa hiyo anayedai leo majina yatajwe, na kumbukumbu zilizopo ni hizo, atapata majina ya upande mmoja.

Makumbusho haya yamewaketisha pamoja waliokuwa Mau Mau na waliokuwa homugadi, na usiku ule unasimuliwa pamoja na kisasi chake. Kwangu hilo ni ukweli mwingi kuliko ule wa mahakama.

Linalobaki ni la mjukuu anayetaka kujua shamba la babu yake lilikwenda kwa nani. Huyo hatafuti kisasi, anatafuta mpaka wa shamba. Wazee wanaojua mipaka hiyo wamebaki wachache, na sioni kwa nini jina analohitaji yeye lizikwe pamoja nao.